Maharage ya Wifi Yaliyogoma Kuiva

"Huu ni mfupa! Wifi, huu ni mfupa!"

Mwenzangu wa kazi alikuwa amesimama katikati ya foleni ya chakula, sahani mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameinua kitu kidogo kama ukucha wa mtoto, kinameremeta mafuta. Foleni nzima ikageuka. Hata makuli, ambao wakishaanza kula hawasikii hata ghala likiungua, waliacha kutafuna.

Mpishi, ambaye ndiye huyo wifi mwenyewe, aliendelea kupakua kana kwamba ameulizwa saa.

"Jiwe hilo. Si nyinyi ndio mnaochambua? Mmelipitisha wenyewe."

"Jiwe lina uboho?"

"Wifi, kula bwana, wenzako wanangoja."

"Nimekuuliza. Jiwe lina uboho?"

Mpishi akatua upawa. Alikuwa mwanamke mnene wa kifua, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. "Haya, ni mfupa! Umefurahi? Ulidhani siku zote hizo ulikuwa unakula nini? Utamu ule ulidhani ni chumvi? Nakuchotea chungu kilekile cha wanaume, kila siku ya Mungu. Umeshamaliza ng'ombe mzima na kwato zake, halafu unatembea hapa unaturingia kwamba wewe huli kiumbe. Sungura gani anakunywa supu?"

Wakacheka. Nani asingecheka? Hata mimi midomo ilinicheza kidogo. Yeye hakurusha sahani, hakutukana. Aliiweka mezani polepole, akaenda bombani, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, akatema. Kisha akarudi kwenye meza yetu ya kuchambulia, akakaa pembeni yangu, akavuta ungo. Nilimtazama usoni nikajua kuna mtu atalia, na mtu huyo si yeye.

Sasa niwaambie yeye ni nani.

Sisi ni wanawake wa ghala la nafaka. Magunia yanaingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, na katikati tuko sisi, meza ndefu, macho na vidole. Tunatoa mawe, tunatoa wadudu, tunatoa punje zilizopasuka, maana mnunuzi anataka maharage mazima, yenye sura. Yeye anakaa mwisho wa meza, ambako vipande vyote vinasukumwa. Makuli walimbatiza Sungura kwa sababu ya majani anayokula. Hawakukumbuka kwamba sungura ana sifa nyingine.

Hali nyama. Hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, hata asali haonji. Wapo waliosema ni dini, wengine wakasema ni ugonjwa, wengine maringo. Haikuwa hata moja. Ilikuwa kisasi.

Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wanaume walifungua zizi wakatoa ng'ombe, wakatoa mbuzi. Hayo aliyatazama akiwa amekaa chini mlangoni. Ng'ombe alikuwa wa marehemu, na wanaume wana mambo yao. Ila kulikuwa na kuku mmoja wa madoadoa, wake mwenyewe, aliyemnunua kwa kushona nguo za watu. Kuku huyo alikuwa ameatamia ndani ya boksi chini ya kitanda. Wifi yake akaingia chumbani, akainama, akamwinua kuku kwenye mayai, akamtia kwapani akaondoka naye. Mayai yakabaki.

Usiku ule mwenzangu aliyafunika kwa koti la marehemu. Aliyaweka kando ya jiko. Aliyaweka tumboni kwake. Yakawa viza, yote. Akachimba shimo akayazika, mwanamke ambaye juzi tu alikuwa ametoka kuzika mtu. Hapo ndipo alipoapa: "Wamechukua kila chenye pumzi. Basi, chochote kitokacho kwa chenye pumzi hakitapita kooni kwangu mpaka kuku wangu arudi na mayai yake yana joto."

Umaskini ulimsaidia kutunza kiapo, hilo tusifichane. Mtu asiye na hela ya nyama akiapa hali nyama, shetani hana kazi ya kumjaribu. Lakini kuna kuacha na kuna kuweza, na yeye aliweza. Alikuja mjini, akapata kazi kwetu, akapanga chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Pale akajifunza kula vizuri kwa hela ambayo mwingine angenunulia kiberiti.

Kanuni ya ghala ni kwamba vipande visivyouzika tunaruhusiwa kubeba kidogo nyumbani, na vingine vinakwenda jikoni kwa chakula cha mchana cha wafanyakazi. Wenzetu wengi walividharau, wakasema ni chakula cha njiwa. Yeye alijua kipande hakina ganda la kukizuia, kinaiva upesi, kinakula mkaa mdogo. Jioni analoweka, anachemsha mara moja tu mpaka yatoe povu, halafu anaepua sufuria ikiwa bado inatokota, anaizungushia lile koti la marehemu, koti zito la mlinzi, anaitumbukiza ndani ya boksi lililojaa pumba. Asubuhi chakula kimeiva na mkaa umebaki.

"Alipokuwa hai hakuwahi kunipikia hata chai," aliniambia siku moja. "Sasa ananipikia kila siku."

Kabichi ananunua majani ya nje, yale ambayo muuza mboga anayavua kama mtu anavua soksi. Nyanya anazifuata sokoni wakati wa kufunga, zimelegea, hazina mwenyewe. Karanga zilizovunjika mezani kwetu anakaanga, anasaga kwa chupa, anatia kwenye dengu. Jamani, ukionja mchuzi ule utatafuta maziwa uliyowekewa na usiyaone. Aliwahi kuniambia, "Ukiwa huna kitu, usinunue kitu kizuri kidogo. Nunua kibaya kingi, halafu ukifanye kizuri." Nyumba yangu imeishi kwa maneno hayo.

Basi, dunia ni duara. Miaka ilipita, na siku moja msimamizi akatuletea mpishi mpya. Ni nani? Wifi! Ng'ombe wameshauzwa, hela zimeshanywewa na kaka zake, mume wake amemwachia watoto, naye yuko mlangoni kwetu na mwiko wake. Walipoonana wakasalimiana kwa midomo. "Hujambo wifi." "Sijambo wifi." Ikaishia hapo. Mwenzangu akamwomba kitu kimoja tu, mbele yangu: "Mimi unichotee kabla hujatia mifupa ya makuli." Wifi akajibu, "Hilo tu? Usijali, wifi yangu." Kwa muda mrefu akaamini kwamba walau hilo moja ameheshimiwa.

Sasa mmeuona ule mfupa ulikuwa mzigo wa namna gani. Kuku alikuwa deni la kwanza. Hili lilikuwa la pili, tena na kicheko juu yake.

Asubuhi iliyofuata wifi alikuja kuchukua gunia la jikoni, kama kawaida akaanza wimbo wake. "Vipande tena! Kila siku mnanipa makombo, kama nalisha bata. Mpishi mwenye mkono kama wangu anastahili maharage yenye heshima."

Kwa muda wote aliokuwa pale alikuwa akisema hivyo. Na chakula chake kilisifiwa kwa kuiva mapema na kwa kula kuni chache, naye aliamini ni mkono wake. Haikumpitia akilini kwamba sifa zote zilikuwa za vipande.

Sungura akainua uso. Akatabasamu, na lile tabasamu nikalijua.

"Kweli wifi. Tumekuonea. Leo nakupa mazima."

Nyuma kabisa ya ghala, chini ya ukuta unaovuja, yalikuwepo magunia ambayo hakuna anayekumbuka yaliingia lini. Mimi nilipoanza kazi niliyakuta. Mfanyabiashara aliyeyaleta aliyapaka mafuta ili yang'are, na yakang'ara kweli, mekundu, makubwa, kila punje kama kishikizo cha koti la bwana harusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kila mchambuzi anajua haragwe la zamani halijui kuiva. Unalichemsha linabadilika rangi tu. Sungura alimwomba msimamizi ruhusa waziwazi, na msimamizi akafurahi kama mtu aliyeondolewa jino: "Chukueni! Chukueni yote!"

Wifi alitia mkono ndani ya gunia, akazimimina punje kati ya vidole. "Haya ndiyo maharage! Mnaona sasa? Mtu akisema anasikilizwa."

"Anasikilizwa," Sungura akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Mchana ulifika. Kengele ikalia. Wifi akasema bado kidogo. Makuli wakakaa chini. Bado kidogo. Mwishowe msimamizi akaamuru wapakuliwe hivyohivyo, na ghala zima likasikika kama punda anatafuna kokoto.

"Mpishi," akasema mkubwa wa makuli, jitu tunaloliita Kreni, "haya tunakula au tunapigia ndege?"

"Tafuna. Meno yako si ya kazi?"

"Meno yangu ni ya nyama. Haya yanataka nyundo."

Kesho yake wifi aliamka mapema, akatia magadi. Mchuzi ukawa mweusi, unanuka sabuni, na punje ziko vilevile. Siku ya tatu akabadilisha kuni, akamtukana muuza kuni kwamba anauza miti mibichi. Siku ya nne akabadilisha chungu. Kuni zilikuwa zinaondoka rundo kwa rundo. Jikoni moshi ulikuwa mzito hata paka akahama. Kreni akavunjika kipande cha jino, akakiweka kwenye kiganja, akamwendea mpishi: "Mama, ulisema wenzetu wamekula ng'ombe bila kujua. Mimi leo nimejila mwenyewe."

Safari hii walicheka wote, na kicheko kilikwenda upande mwingine. Sungura hakucheka. Alikuwa amefungua kopo lake la chakula cha nyumbani, maana tangu siku ya mfupa hakugusa tena foleni. Ile harufu ya karanga ikatembea yenyewe mpaka kwa makuli. Kreni akasogea.

"Sungura, nionjeshe."

"Wewe si mtu wa supu?"

"Nina njaa, dada yangu. Usinitese."

Akampa kijiko. Kreni akafumba macho. "Hii umetia nyama gani?"

"Koti la marehemu mume wangu."

Kesho yake alileta sufuria kubwa, na makuli wakala kwake, wifi akiwatazama kwa mlango wa jiko na mwiko mkononi kama askari aliyenyang'anywa bunduki.

Jambo likamfikia msimamizi vibaya. Tajiri mwenye ghala alikuwa na mpango wa kuja kula na wafanyakazi, aone kama jiko linastahili kuni zake au lifungwe watu wanunuliwe mikate. Siku ilikuwa keshokutwa. Msimamizi akamwambia wifi, mbele yetu, "Yasipoiva siku hiyo, beba mwiko wako uende nao."

Jioni ile nilikuwa chumbani kwa Sungura, tunamenya viazi. Tukasikia hodi.

"Wifi, nifungulie."

"Mlango haujafungwa."

Akaingia. Yule mwanamke wa kifua alikuwa amekonda ghafla. Hakukaa, maana hakukaribishwa.

"Chungu changu umekifanya nini?"

"Mimi? Nimekupa ulichoomba. Mazima, yenye heshima."

"Wifi, nina watoto. Nikifukuzwa watakula nini?"

"Vipande," Sungura akasema, hakuinua macho kwenye kiazi. "Vinaiva vizuri sana."

Nikaona aibu kwa ajili ya yule mwanamke, halafu nikakumbuka boksi chini ya kitanda, aibu ikanitoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Unataka nini?" wifi akauliza.

"Unakijua."

"Ng'ombe waliuza kaka zangu. Mimi sikuona hata..."

"Nani amekuuliza ng'ombe?"

Kisu kikazunguka kiazi.

"Kuku," Sungura akasema.

"Kuku? Umenishikia hili lote kwa ajili ya kuku?"

"Alikuwa ameatamia. Ulimwinua. Nilipotia mkono, mayai yalikuwa bado ya moto." Hapo kisu kikasimama kwenye kiazi. "Tulikuwa msibani wifi. Mimi na wewe tulikuwa tunalia mtu mmoja. Ukamwinua."

Wifi akatazama chini. "Sina kuku."

"Mimi pia sina."

Akaondoka. Nikamwambia mwenzangu, umezidi, mwachie. Akaniambia, "Menya viazi."

Kesho yake mpishi hakuonekana. Jikoni palibaki pamefungwa, makuli wakala kwa Sungura, na msimamizi akaanza kuuliza bei za mikate. Jioni, tukiwa mlangoni kwake, tulimwona anakuja kutoka mwisho wa barabara. Alikuwa anatembea polepole kama anayebeba mtungi uliojaa, vumbi mpaka magotini, na mikononi amekumbatia beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa. Watoto wa jirani walimzonga, akawafukuza kwa kiwiko.

Akaliweka beseni chini, akafunua. Kuku wa madoadoa, mkali, manyoya yamemsimama. Ameatamia.

"Nimemwomba kwa mama mmoja huko nje ya mji," wifi akasema, anahema. "Nitamfulia mpaka atakaponiambia basi. Sikupanda gari. Gari lingeyatikisa."

Sungura alipiga magoti. Akapitisha mkono chini ya kuku, akadonolewa, hakuutoa. Ulikaa humo muda mrefu.

"Yana joto," akasema.

Akabeba beseni, akaliingiza chini ya kitanda. Alipotoka macho yalikuwa makavu lakini pua imemsaliti.

"Basi tumemalizana, wifi?"

"Kuku tumemalizana. Mfupa bado."

Asubuhi ya tajiri, gunia lililokwenda jikoni lilikuwa la vipande. Wifi alilitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Maharage yakaiva hata kabla kengele haijalia. Tajiri alikula, akaomba tena, akafuta mdomo, akamwambia msimamizi jiko libaki. Mpaka leo ukimuuliza wifi atakuapia kwamba kuku ndiye aliyefungua chungu. Nasi hatumkosoi. Imani yake inatufaa: hajagusa kitu cha mtu tena, hata chumvi anaomba.

Na kiapo? Kreni alimletea Sungura yai la kuchemsha siku hiyohiyo, amelimenya tayari. "Dada, kuku amerudi. Uko huru." Akalichukua, akalinusa, akamrudishia. "Kiapo kimeisha," akasema, "ila tamaa yake ilikufa mapema zaidi. Kula wewe, uoteshe jino."

Ikabaki ile hesabu ya mfupa, nayo ililipwa hivi. Tajiri alipoondoka, foleni ikiwa bado imesimama, Sungura alikwenda mbele kabisa na sahani moja. Wifi akachota, si kwenye chungu cha makuli, bali kwenye kijisufuria alichokitenga pembeni chenye mfuniko wake. Sungura hakuondoka.

"Chukua kijiko."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Tunakula wote. Sahani hii hii, mbele za watu waliocheka."

Mpishi mzima, mpenda supu, mwanamke ambaye kwake chakula bila mafuta ya ng'ombe ni dawa, akachukua kijiko. Akala la kwanza kama anameza kidonge. La pili akalitafuna. La tatu akakunja uso, akamtazama wifi yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Umetia karanga kwenye kijisufuria changu?"

"Nilipita jikoni asubuhi. Kula."

Wakala, vijiko vinagongana. Makuli walikuwa wanatazama kama watu kwenye mechi. Mwishowe sahani ikabaki mchuzi tu, na Sungura akaweka kijiko chini.

"Umepata mfupa?"

"Sijapata."

"Jiwe?"

"Hakuna, wifi."

"Basi, hunidai na sikudai," Sungura akasema, akarudi kwenye meza yetu, akavuta ungo.

Wifi alibaki palepale na ile sahani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaipitisha kidole, ukingo hadi ukingo, akakilamba.